Tupa, tyubu au mkanda mnene: kipi kitaokoa hanesi yako ya kupigia mbizi?

Mkanda wa bega langu la kushoto uliachia nikiwa kwenye ngazi ya boti, karibu na kisiwa cha Mbudya, mtungi mgongoni na miguu bado ndani ya maji. Haukukatika wote. Nahodha ndiye aliyeona. "Dada, simama hapo hapo," akasema, akaushika mtungi shingoni, "bega lako linaachia." Nilipopanda na kuvua, nikaona: mkanda wenye upana wa milimita 50 ulikuwa umebakiwa na kama 20 tu zinazoshikilia mzigo. Pindo lote la upande wa nje lilikuwa limesagika, palepale mkanda unapopenya kwenye tundu la bamba la mgongoni, lile bati la chuma ambalo mtungi hufungwa na mikanda ya hanesi hupita. Wiki ile ile nilikuwa nimeukagua. Tatizo ni kwamba nilikagua sehemu inayoonekana, na mkanda huliwa mahali ulipojificha.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kinga ambayo wapiga mbizi wenzangu wa Dar es Salaam huitumia. Wako wanaosugua kingo za bamba kwa tupa. Wako wanaovisha mkanda kipande cha tyubu ya baiskeli. Wako wanaokwenda Kariakoo kutafuta mkanda mnene kuliko wa mwanzo na kuamini kwamba unene utamaliza kazi. Kila mmoja huapa kwamba njia yake ndiyo yenyewe. Kwangu mimi tupa inatangulia, na nitaeleza kwa nini, lakini yapo mazingira ambamo tyubu inafaa na yapo ambamo mkanda wenyewe ndio wa kubadilishwa. Inategemea unafikaje kwenye boti.

Mkanda huliwa nchi kavu

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Tunavilaumu maji ya chumvi na matumbawe, kumbe majini hanesi inapumzika.

Piga hesabu. Mtungi wa alumini wa lita 11, ambao ndio umezoeleka kwenye boti zetu, ukiwa mtupu una uzito wa kilo 14 na kidogo. Ukijazwa hewa hadi baa 200 huongezeka karibu kilo 2.7. Weka bamba la stenlesi, kilo mbili na nusu hadi tatu. Weka regyuleta (kifaa cha kupumulia), mfuko wa kuelea, taa. Unazidi kilo 20, na zote zinaning'inia kwenye mikanda miwili ya mabega. Ukiingia majini, bahari inabeba karibu mzigo wote na mikanda inabaki na kazi ya kukushikilia tu usiachane na mtungi. Kwa hiyo msuguano wenye nguvu hutokea unapotembea na vifaa, unapokaa kwenye ukingo wa boti inayoyumba, na hasa unapopanda ngazi, kwa sababu hapo kila hatua huuvuta mkanda kwenye tundu kisha huuachia.

Sasa ongeza mchanga. Anayeishi Dar anajua bahari yetu inavyokwenda na kurudi: siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita tatu. Ukipangiwa safari asubuhi ya maji kupwa pale Kunduchi au Msasani, boti haisogei ufukweni. Utaifuata wewe, mtungi mgongoni, mita kwa mita kwenye mchanga na tope, na pengine utakaa chini kidogo kupumua au kuvaa mapezi. Chembe zinaingia kwenye nyuzi za mkanda na hazitoki kwa kupigwa na wimbi mara moja. Mchanga wa pwani yetu ya bara una kwazi nyingi, yaani yale madini magumu yanayoitwa "quartz" kwa Kiingereza, na kwazi ni ngumu kuliko stenlesi ya bamba lako, sembuse nailoni. Mkanda wenye mchanga ukipita juu ya ukingo mkali wa chuma unakatwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: ukingo upande mmoja, msasa upande wa pili.

Ukivichanganya hivyo vitatu, yaani uzito, mchanga na ukingo, utaona kwamba kila njia ninayoilinganisha hapa inapambana na kimoja au viwili kati yake. Hakuna inayovimaliza vyote.

Tupa na msasa

Mabamba mengi ya mgongoni hukatwa kwenye bati la chuma lenye unene wa milimita tatu hivi. Liwe limekatwa kwa mashine ya kisasa au kwa grainda ya fundi wa mtaa wa Gerezani, tundu hutoka na ukingo wa pembe mraba. Pitisha kidole utausikia. Viwanda vizuri huuviringisha kabla ya kuuza, vingine huupaka rangi tu au kuung'arisha upande wa mbele, unaoonekana dukani.

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Toa mkanda wote. Piga picha kwanza jinsi ulivyopitishwa, maana kuurudisha kwa kubahatisha kunachosha. Chukua tupa ya nusu duara na upunguze pembe za tundu, mbele na nyuma, hadi ukingo ufanane na mgongo wa penseli. Kisha msasa: anza na namba 240, nenda 400, malizia na 600. Usiingize grainda ndani ya tundu. Inakula kwa haraka kuliko mkono unavyoweza kuizuia, na nimeona tundu lililopanuliwa hivyo hadi mkanda ukawa unacheza kushoto na kulia, jambo linaloongeza msuguano badala ya kuupunguza.

Wengi husugua zile kingo mbili ndefu na kusahau ncha za tundu, kule kwenye kona. Mimi nilikuwa nimefanya kosa hilo hilo. Kingo zangu ndefu zilikuwa laini kabisa, na bado pindo la mkanda lilikuwa linasagwa kwenye kona kila nilipoinama. Pindo ndiyo roho ya mkanda: nyuzi zikishaanza kuachia pembeni, zilizobaki katikati hazina kinachozikusanya. Kwa hiyo tafuta tupa nyembamba ya duara kwa ajili ya kona, na uzipe muda kuliko kingo nyingine zote.

Kujua kama umemaliza, usitegemee kidole. Kidole kinadanganyika. Chukua soksi ndefu ya kike ya nailoni, iliyochakaa, uivute ndani ya tundu kila upande. Ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye msasa. Bamba langu lilinasa mara nne kabla soksi haijapita bila kelele.

Hapa kuna tahadhari ambayo mafundi wetu wengi hawaijui kwa sababu hawafanyi kazi na stenlesi kila siku. Tupa iliyowahi kusugua chuma cha kawaida hubeba vumbi la chuma kile, na vumbi hilo likibaki kwenye stenlesi hushika kutu. Utaona madoa ya kahawia kuzunguka tundu baada ya safari mbili tatu. Kutu nayo ni chembe ngumu, inasaga kama mchanga. Nunua tupa mpya uiweke kwa kazi hiyo tu, tumia msasa mpya, na ukimaliza osha bamba kwa sabuni na brashi.

Njia hii ina faida ambayo nyingine hazina: ukishaifanya umeifanya. Bamba halirudishi ukali wake. Mkanda unabaki wazi, unaonekana, unakaguliwa. Udhaifu wake ni kwamba haigusi mchanga hata kidogo. Ukingo laini wenye mchanga juu yake bado unasaga, ingawa taratibu zaidi. Pia kwa bamba la alumini siipendekezi kwa moyo mmoja. Alumini ya mabamba hupewa gamba gumu kiwandani ili chumvi isiitafune, na tupa inaliondoa gamba hilo mahali pale pale panapohitaji kulindwa. Baada ya muda panatokea vijishimo vyeupe, na vijishimo ni ukingo mkali mpya. Kwa alumini pitisha msasa laini tu, namba 600, uishie hapo.

Kibanio, msaidizi wa tupa

Kuna kidude cha chuma chenye nafasi mbili, kile kinachoshikilia pete ya D, ile ya kuning'inizia vifaa, isiteleze mkandani. Wengi hukitumia kwa pete tu. Ukiweka kimoja nyuma ya bamba, kikigusana na tundu, mkanda hauwezi tena kwenda na kurudi. Usipoteleza haukeketwi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na inachookoa, na kwangu tupa bila kibanio ni kazi iliyoachwa nusu, hasa kwenye matundu ya chini ambako mkanda wa bega hugeuka kuwa wa kiuno. Angalizo ni moja: vibanio vya bei ya chini navyo huja na meno. Visugue kabla ya kuvifunga.

Tyubu ya baiskeli

Hii ndiyo inayopendwa, na naielewa sababu. Fundi baiskeli yeyote wa mtaani ana tyubu kuukuu, atakupa bure au kwa hela ya soda. Unakata kipande cha sentimita saba au nane, unakivuta juu ya mkanda hadi kikae ndani ya tundu, mpira unakuwa kati ya nyuzi na chuma. Tyubu ya baiskeli ya mtoto ni nyembamba mno na inakunja mkanda. Ya bodaboda inapwaya. Ile ya baiskeli kubwa yenye matairi manene, ambayo ikilazwa bapa inakaribia upana wa mkanda, inabana vizuri bila kuukunja.

Nilivaa hivyo miezi kadhaa nikajiona nimepata dawa. Mkanda haukuwa na manyoya kokote nilipotazama. Kisha nikaamua kuvua vile vipande ili nibadilishe vilivyopasuka. Ndani ya kimoja kulikuwa na mchanga mweusi uliolowa, unanuka, umeshikana na nyuzi kama unga wa ugali chini ya sufuria. Mkanda chini yake ulikuwa umesagika kuliko ule wa upande niliouacha wazi. Mpira ulikuwa umezuia chuma lakini umeufungia mchanga ndani, na ukanificha nisione.

Kwa hiyo sisemi tyubu ni mbaya. Nasema inafaa kwa mtu wa namna fulani: anayepiga mbizi mara moja moja, anayepanda boti kutoka gatini bila kutembea mchangani, na aliye tayari kuvua vile vipande na kuosha chini yake kila baada ya safari chache. Inafaa pia kwa bamba la kuazima, ambalo huna ruhusa ya kuligusa kwa tupa, na kwa bamba la alumini kwa sababu niliyoitaja. Ukiivaa juu ya ukingo ambao hujausugua, jua kwamba ukingo ule unaikata tyubu kwanza. Jua la Dar nalo linaukausha mpira hadi unapasuka, na mpasuko hutokea upande wa ndani.

Kuna ndugu zake tyubu. Wengine huchukua ule mpira wa kuvalisha kingo za milango ya magari na kuubandika kwenye tundu lenyewe. Unapendeza, lakini mwingi una utepe wa chuma ndani, na chuma kile hakidumu baharini hata msimu mmoja. Wengine huchana kijimpira chembamba cha maji na kukivalisha ukingoni. Kinalinda, ila kinaziba nafasi, na mkanda mnene hauingii tena. Ngozi niliijaribu mara moja kwa ushauri wa fundi viatu. Ikishalowa chumvi na kukauka inakuwa ngumu kama ubao. Sikurudia.

Mkanda wenyewe: nailoni, poliesta na vya Kariakoo

Hanesi ya bamba ilitengenezwa ili mkanda uwe kitu cha kubadilishwa. Mtindo wa mkanda mmoja usiokatika, unaopita mabegani na kuzunguka kiuno, ulikuzwa na wapiga mbizi wa mapangoni kule Florida, na unaitwa kwa jina la William Hogarth Main. Ni kiasi cha mita tatu na nusu hadi nne za mkanda, bila mshono sehemu za kubeba mzigo. Ukichakaa, unatoa, unaweka mwingine. Uzuri wake ni huo. Basi swali linakuwa: uweke upi?

Nailoni ndiyo ya kawaida, na inastahimili msuguano kuliko wenzake. Inakunywa maji, ikilowa inalegea na kurefuka kidogo na nguvu yake inapungua kiasi, ndiyo maana hanesi iliyokaa sawasawa nyumbani inapwaya ukifika chini. Rekebisha ikiwa imelowa. Jua huichosha.

Poliesta hainywi maji karibu kabisa, hairefuki, na inavumilia jua vizuri zaidi. Kwa msuguano iko nyuma kidogo ya nailoni. Kwa mtu ambaye vifaa vyake vinakaa juu ya boti toka asubuhi hadi jioni, mimi ningepima jua na msuguano kwa pamoja, na poliesta nzito haipotezi shindano hilo.

Polipropilini usiiguse. Inafanana na nailoni machoni, inauzwa kwa rangi nzuri, lakini inasagika upesi, jua linaivunja, na inayeyuka kwa joto dogo, nyuzi kama 165 hivi, wakati nailoni na poliesta zinahitaji zaidi ya 200. Muuzaji wa Kariakoo atakuambia "hii nailoni kabisa, dada yangu," naye pengine anaamini hivyo. Omba kipande cha ncha, kitumbukize kwenye ndoo ya maji, kikamue hewa itoke. Kikielea ni polipropilini. Nailoni na poliesta huzama. Jaribio hili ni la dakika moja, na limeniepusha na mita nyingi za mkanda mbovu.

Sasa vya mtaani. Mkanda wa kiti cha gari, kutoka vipuri vya mtumba vya Ilala na Gerezani, unavutia kwa sababu umetengenezwa kuokoa maisha. Ni poliesta imara kweli. Shida yake ni wembamba na ulaini. Upana wake ni pungufu ya milimita 50, kwa hiyo unacheza ndani ya tundu na kugonga kona, na bizimu ya kiuno haiushiki vizuri, unateleza mzigo ukikaa. Kwenye ngazi ya boti hilo si jambo dogo. Juu ya hayo, mkanda uliotoka kwenye gari lililopata ajali huenda ulishavutwa hadi kikomo chake, na kwa macho hutajua.

Mkanda wa kufungia mizigo kwenye malori ni habari nyingine. Ni poliesta, mara nyingi milimita 50 kamili, mnene, mkavu mkononi. Hupita vibanio kwa shida mwanzoni na kukaa vizuri baadaye. Nimeutumia kwa vifaa vya mazoezi na sijajuta. Mkavu kiasi hicho unachubua shingo ya asiyevaa nguo ya mbizi, hilo nakiri. Nunua mpya, uliokatwa kwenye bunda. Uliotolewa kwenye lori una mafuta na mchanga wa barabara nzima.

Na unene? Hapa ndipo nabishana na wenzangu mara nyingi. Mkanda mnene na mgumu unadumu kwa sababu haujikunji ndani ya tundu, unakaa bapa na kugawa mzigo upana wote. Hiyo ni kweli. Lakini ukiuweka kwenye bamba lenye ukingo mkali umenunua muda tu, na kila mkanda utakaofuata utaliwa mahali pale pale. Nimeona mtu akibadilisha mikanda mitatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara alinunua mnene zaidi, na kila mara ulikatika bega lile lile. Hakuna aliyewahi kulipitishia kidole bamba lake.

Kukata ncha: tumia kisu kikali, kisha yeyusha kwa moto wa kibiriti na ubonyeze ingali moto iwe bapa. Donge la ncha iliyoyeyuka likigandiana vibaya linakata nyuzi za jirani linapopita kwenye kibanio.

Jaketi la kawaida

Wengi wetu tulianza na jaketi la mbizi, lile linalojazwa hewa na kushikilia mtungi lenyewe, na wengi wa wageni hukodi jaketi. Halina bamba la chuma, hivyo halina ukingo wa kuogopa, ila lina mishono, na mishono hufa kabla ya mkanda. Tazama pale mkanda wa bega ulipofumwa kwenye kiwiliwili, na pale mkanda wa mtungi unapopita kwenye plastiki ya mgongoni. Uzi ukianza kupauka na kukatika, usimpelekee fundi cherehani wa nguo. Mpelekee anayeshona mahema na maturubai, mwenye mashine nzito, na umwambie atumie uzi wa poliesta wala si wa pamba. Pamba inaoza.

Tundu za plastiki zina kingo laini toka kiwandani, lakini plastiki ni laini na mchanga hujichimbia humo ukabaki. Brashi ya meno inautoa.

Maji ya kuoshea

Hakuna kinga hata moja kati ya hizi inayofanya kazi bila maji yasiyo na chumvi, na Dar ina mtego wake hapa. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita. Visima vingi vya ukanda wa pwani, Mbezi, Kunduchi hadi Kigamboni, navyo vina chumvi, si nyingi kama ya bahari lakini inatosha. Ukiosha vifaa kwa maji ya kisima hicho na kuvianika, chumvi inabaki kwenye nyuzi, inaganda, na fuwele zake zinasaga mkanda ukivutwa ukiwa mkavu. Kila nyumba ya Dar inajua kipimo: sabuni isiyotoa povu. Maji yakikataa povu, yatumie kuondoa mchanga tu, halafu suuza kwa maji ya bomba. Msimu wa masika mimi nakinga ya mvua kwenye pipa kwa ajili hiyo.

Kumwagia peke yake hakutoshi. Loweka robo saa, kisha vuta mkanda sentimita chache kila upande wa tundu huku maji yakitiririka, ili sehemu iliyojificha nayo ioshwe. Ukikosa kufanya jambo jingine lolote nililoandika, fanya hili. Anika kivulini penye upepo, kamwe si juu ya bati. Wala usitie jiki kuondoa harufu. Klorini inaidhoofisha nailoni, nawe utadhani ni uzee.

Basi uchague nini

Kama unaongoza wageni siku nne tano kwa wiki na bamba ni la stenlesi, lako mwenyewe: tupa, kibanio nyuma ya bamba, na nailoni ngumu. Acha mkanda wazi bila ala yoyote. Utauona unavyozeeka na utaubadilisha kabla haujakutisha. Wanaofanya kazi bandarini kukagua na kusafisha matumbo ya meli wana sababu kubwa zaidi ya kufuata njia hii, maana wao wanapanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku, na kombe zilizoganda kwenye chuma cha meli hazibagui mkanda.

Kama unakwenda Bongoyo au Mbudya mwisho wa mwezi, unapanda boti ukiwa mkavu gatini, na bamba ni la alumini: tyubu, lakini ivuliwe na kuoshwa. Safari tatu kwa kipande kimoja, si zaidi. Mkanda wa kawaida uliokuja na bamba unatosha.

Kama vifaa vyako vinashinda juani kwenye boti au ukutani mwa banda: badilisha mkanda kwanza, weka poliesta nzito, tupa ifuate. Jua limeshakula nusu ya ule uliopo hata kama unaonekana mzima. Ukiukunja ukasikia ukavu na rangi imepauka upande mmoja kuliko mwingine, usibishane nao.

Na kama fedha zinatosha jambo moja tu mwezi huu, nunua tupa. Mkanda mpya juu ya ukingo wa zamani sitamshauri mtu.

Kujua lini pa kuuacha mkanda: manyoya juu ya uso wake ni uzee wa kawaida, unaweza kuendelea nayo. Pindo likiwa na mkato, hata mdogo kama ukucha, toa. Sehemu inayong'aa na kuwa ngumu kama imepigwa pasi, toa. Usishone kiraka. Mshono katikati ya mkanda wa bega unaongeza matundu ya sindano mahali palipokwisha kudhoofika, na uvimbe wake hautapita kwenye kibanio.

Mkanda niliouvaa siku ile ya Mbudya nimeuning'iniza bandani, karibu na mitungi. Nahodha yule bado tunafanya kazi pamoja. Kila asubuhi kabla sijavaa anashika bamba langu kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anavuta mkanda wa kushoto sentimita tano nje ya tundu, anaugeuza, anautazama, ndipo ananinyanyulia mtungi.